Taa za Nyuma za Gari la Baba

St. John's, Newfoundland
9 Julai

Kaka yangu mpendwa Gerard,

Salamu nyingi zikufikie huko Alberta, wewe na wifi Lorna, na ziwakute nyote mkiwa na afya. Goti lako linaendeleaje? Lorna aliniambia kwenye simu kwamba umerudi kwenye zamu za siku kumi na nne mfululizo, na kwamba unapanda ngazi kwa kuegemea ukuta huku ukikana kuwa unaumwa. Katika hilo umemrithi mtu tunayemjua sote wawili. Mimi sijambo. Maktaba ya chuo imetulia kwa kuwa wanafunzi wako likizo, na hali ya hewa ya Juni imeniachia kikohozi kidogo tu.

Baba naye anapata nafuu. Mbavu bado zinamchoma akicheka, kwa hiyo anajitahidi asicheke, ila hawezi. Ameniagiza nikusalimu, na nikuulize kama huko bara mmeshaiona bahari au bado mnaendelea kuitafuta.

Sasa nije kwenye ile fomu ya kuomba Baba aondolewe leseni ya udereva. Imekaa juu ya meza yangu ya jikoni siku kumi na moja, mahali pako umeshatia sahihi, na mahali pangu pakiwa peupe. Ninafahamu umeituma kwa nia njema. Uliniandikia kwamba mzee wa miaka sabini na tisa aliyesahau kuwasha taa katikati ya ukungu, akasababisha mtu mwingine avunjike mkono, hapaswi kungoja ofisi ya leseni igundue yenyewe. Watoto wake ndio waseme. Uliandika pia kwamba umekwishaulizia chumba katika makao ya wazee hapa mjini. Sote tunajua leseni na nyumba yake ni kitu kimoja. Duka la karibu zaidi na kijiji chake cha Shoal Arm liko kilomita thelathini na nane, zahanati iko mbali zaidi, na hakuna basi. Siku Baba atakaponyang'anywa leseni ndiyo siku atakayoanza kufunga masanduku.

Sijatia sahihi, na sitaitia sahihi fomu hiyo kama ilivyo. Unastahili kuelezwa sababu kwa utaratibu, nami naogopa kwamba nikizisema kwa simu utanikatiza, au nitajikatiza mwenyewe.

Unakumbuka ule mzunguko wake. Kwa miaka thelathini na moja basi la shule alilokuwa akiendesha halikutoka uani kabla hajalizunguka kwa miguu, akigusa kila taa kwa kiganja kana kwamba anahesabu watoto. Kisha aliingia, akakanyaga breki, na Mama akasimama nyuma ya basi na gauni lake la kulalia na buti za mpira, akapaza sauti: “Zote mbili!” Wewe na mimi tulikuwa tunaona aibu. Alipostaafu aliendelea na desturi hiyo kwa gari lake mwenyewe, na Mama alipofariki akaanza kurudi kinyumenyume hadi karibu na banda ili aone wekundu wa taa ukijitokeza kwenye kioo cha dirisha lake. Hakuwahi kutoka bila kuuona wekundu huo.

Ni katika mzunguko huo ndipo alipoteleza Februari, akalala juu ya barafu karibu dakika ishirini hadi Alphonsus, jirani yake wa ng'ambo ya barabara, alipomwona. Ulinipigia siku ile ile. Ulisema, “Bernadine, fanya kitu na huyo mzee kabla hatujamwokota kwa koleo.” Nilikubaliana nawe, na hata leo nadhani hatukukosea kuogopa. Ndiyo maana tulipompatia lile gari dogo la kijivu, lililokwishatumika lakini lenye kuwasha taa lenyewe na kufuta kioo lenyewe, mimi nilifurahi kupita kiasi. Nilifikiri tumenunua mwisho wa ule mzunguko.

Nililisoma gari lile kama ninavyosoma kila kitu. Nilikaa nalo wiki nzima hapa mjini, kitabu chake cha maelekezo nikakimaliza, kisha nikampelekea Baba na kumfundisha. Nilimwambia kwamba nyuma ya kioo cha mbele kuna kijicho. Giza likiingia kinawasha taa, tone likianguka kinaamsha waipa, na waipa zikifanya kazi kwa muda taa nazo zinawaka. Nikamwambia kwamba hana tena haja ya kulizunguka gari kwenye barafu, kwa sababu gari linajikagua. Alinisikiliza akiwa ameshika kofia mkononi, kama mtu aliye ofisini. Kisha akauliza kama gari hilo pia linakwenda kanisani lenyewe, ili yeye abaki kitandani.

Kuna jambo moja nililolifanya siku hiyo ambalo nimeliruka kwa makusudi. Nitalirudia.

Waipa zilimpa mtu wa kuzungumza naye. Manyunyu ya huku kwetu ni membamba mno, tena yana chumvi, na kijicho huwa hakiyaoni. Basi waipa hukaa kimya hadi kioo kimekuwa kama maziwa, halafu ghafla hupiga kwa kasi kama zinafukuza nyuki. Baba alizipa jina la Mheshimiwa. “Haya, Mheshimiwa, amka, mvua imeshafika!” Jioni za baridi aliendelea kuzisimamisha wima zisigande kwenye kioo, kama afanyavyo kila mtu Shoal Arm, na asubuhi aliziomba radhi kabla ya kuzilaza. Alphonsus alisema lake ni baya zaidi: shakwe alikitia alama kile kijicho, gari likadhani ni mvua, likaupaka uchafu kioo kizima akiwa kwenye kona. Baba akamjibu, “Angalau lako linafanya kazi bila kubembelezwa, bwana wee.” Walikuwa wanacheka. Sikusikia katika vicheko hivyo kitu chochote cha kunitia wasiwasi, na labda nilipaswa kusikia.

Ajali unaijua kwa muhtasari. Ilikuwa tarehe kumi na nane Juni, saa nne asubuhi, ukungu mweupe umelala juu ya nyika tangu alfajiri, ule wa msimu wa wale samaki wadogo, kaplini, unaoficha hata mwisho wa boneti. Baba alikuwa anakwenda posta. Karibu na madimbwi aliona kulungu wa kaskazini watatu barabarani, akapunguza mwendo hadi karibu kusimama. Dulcie Molloy alikuwa nyuma yake, anakwenda kumwogesha bibi mmoja mgonjwa kama afanyavyo kila Jumanne. Hakuona taa yoyote. Gari la kijivu ndani ya ukungu wa kijivu: aliniambia baadaye kwamba ilikuwa kama kuigonga hali ya hewa yenyewe. Kifundo cha mkono wake kilivunjika mahali pawili, na tangu siku hiyo yuko nyumbani, na yule bibi anaogeshwa na mtu asiyemjua.

Konstebo alimuuliza Baba kama taa zake zilikuwa zimewashwa. Baba alijibu, “Nilisahau, kijana wangu. Ndio uzee.” Maneno hayo yaliandikwa, na kufikia mchana yalikuwa yamefika Shoal Arm kabla yake. Majirani walisema Baba, yule Ambrose Keough wa zamani, angegusa taa hata za jeneza lake. Wewe ukayasikia kutoka kwa Alphonsus, nami nikayasikia kutoka kwako, na sote tukayapokea. Mtu anayekiri kwamba amesahau, nani atamhoji zaidi?

Mimi, Gerard. Mimi nilikuwa na sababu ya kumhoji, na sikumhoji.

Kile kitabu cha maelekezo kina ukurasa mmoja, wenye mraba wa kijivu kuzunguka maneno, unaosema kwamba kijicho hupima mwanga tu. Ukungu wa mchana una mwanga mwingi. Kwa hiyo mchana wa ukungu gari hudhani ni mchana wa kawaida: mbele huwasha zile taa ndogo za mchana, dashibodi inang'aa, na dereva anaamini amewaka mwili mzima, kumbe nyuma ni giza. Na kwa kuwa ukungu haudondoki, waipa hazianzi, na zisipoanza haziziamshi taa. Ukurasa ule unasema wazi kwamba katika hali hiyo dereva awashe kwa mkono. Niliusoma. Naweza kukuambia hata nilikuwa nakunywa nini nilipousoma. Nikaamua kutomwambia Baba, kwa kuwa niliona sheria moja ni rahisi kwa mzee kuliko mbili, na kwa kuwa nilijua nikimwambia “ila wakati mwingine usiliamini,” atarudi nje kwenye barafu na kiganja chake.

Uliponipigia kuhusu ajali, ukurasa ule ulinijia kabla hujamaliza sentensi ya kwanza. Nilijiambia kwamba pengine Baba ameichezea swichi, ameizima mwenyewe, kama wazee wanavyochezea vitu. Nilikaa na dhana hiyo wiki mbili. Ilikuwa dhana nzuri kwangu.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilikwenda Shoal Arm nikiwa na fomu yako kwenye mkoba, na ninakiri kwamba nilikuwa karibu kuitia sahihi. Baba alikuwa anachemsha nyama ya chumvi na kumenya kabichi. Koti lake la siku ya ajali lilikuwa bado linaning'inia nyuma ya mlango likiwa na tope, nikalichukua kulifua. Katika mfuko wa ndani, pamoja na rozari ya Mama, kulikuwa na kipande cha utepe wa gundi wa kijani kilichojikunja.

Hili ndilo jambo nililoliruka. Siku ile ya kumfundisha, nilipokwisha kuiweka swichi ya taa mahali pa kujiwasha, niliona kidole chake kinairudia. Mara mbili, tatu. Mazoea ya miaka thelathini na moja. Basi nilikata utepe, nikaubandika juu ya swichi isigeuke, na juu yake nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: BABA, USIGUSE. INAWAKA YENYEWE.

Nilisimama jikoni na utepe ule kiganjani. Baba aligeuka, akaona, akarudia kabichi yake.

“Siku hizi unapekua mifuko ya wazee?” alisema.

Nilimuuliza aliutoa lini. Akasema aliutoa akiwa bado amekaa kwenye gari, anasikia mbavu zinamuuma, anamwona konstebo anakuja kwenye ukungu na kalamu yake. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwa sababu nina mwandiko mzuri. Mtu yeyote angeusoma.

Sikuweza kucheka. Yeye alicheka, akashika ubavu, akakaa. Kisha akaniambia, kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia na watoto waliotapika ndani ya basi, kwamba mimi naipita barabara hiyo kila Jumamosi ya pili kuja kumwona, na kwamba kama angenitwisha jambo hili ningekuwa nakuja nalo kila mara, hadi siku ningechoka kuja. Yeye, alisema, hana cha kupoteza ila leseni. Nikamwambia leseni ni nyumba. Akasema anajua leseni ni nini.

Nikadhani amemaliza. Niliinuka kuweka koti kwenye maji, na ndipo akasema lile ambalo sijaweza kulisimulia kwa mtu yeyote kabla ya barua hii. Alisema kwamba asubuhi ile alijua. Aliuona ukungu, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye swichi kama siku zote. Kidole kikakutana na utepe. Akasita. “Nikasema, Bernadine amesoma kitabu,” akaniambia. “Mimi nimeendesha tu. Yeye amesoma kitabu.”

Akauondoa mkono, akaenda posta.

Nimelipima jambo hili pande zote, na sitaki ufikiri kwamba nimefikia hitimisho safi. Unaweza kuniambia kwamba dereva anayeutii utepe kuliko mkono wake mwenyewe ndiye hasa asiyepaswa kuendesha, na mimi sina jibu kamili. Unaweza pia kusema kwamba ninamtetea ili nijitetee, nami nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko utakavyoniuliza. Macho yake sijui yako vipi. Sijui atakuwaje baridi ijayo. Nisichoweza kufanya ni kutia sahihi karatasi inayosema kwamba alisahau. Baba hakusahau kitu. Alikumbuka, na mimi nilikuwa nimebandika katazo juu ya kumbukumbu yake.

Kwa hiyo nimekwenda mahali pawili. Kwanza nilikwenda kwa Dulcie. Alifungua mlango kwa mkono mzima, akanisikiliza bila kunikaribisha ndani, hadi mwisho. Halafu akasema, “Yaani wiki tatu hizi namlaani Keough asiyehusika?” Nikasema ndiyo. Akasema laana zote zilizokwisha kutoka hawezi kuzirudisha, lakini zilizobaki atazielekeza kwangu, na kwamba niingie nimfungulie makopo kwa kuwa mumewe hana maana. Nikafungua makopo. Hakuniambia kwamba amenisamehe, na sikumwomba aseme.

Kisha nikaenda kwa konstebo. Alipiga picha utepe, akaandika maelezo yangu, akanieleza kwa upole kwamba kisheria dereva ndiye mwenye taa zake, utepe uwepo usiwepo. Lakini maelezo yangu yataambatanishwa. Baba aliposikia nimekwenda alikasirika kweli, hakusema nami kutwa nzima, na jioni akanipakulia nyama nyingi kuliko yake.

Tumekubaliana naye jambo moja, na naomba ulikubali na wewe. Tarehe ishirini na mbili mwezi huu atapimwa macho, kisha atafanya mtihani wa barabarani, yeye akiendesha na mtahini akiwa kando, kama kijana wa miaka kumi na saba. Akishindwa, nitatia sahihi fomu yoyote utakayotuma, na ni mimi nitakayemwambia, si wewe na si barua. Akifaulu, tumwache nyumbani kwake. Amekubali bila kubishana. Alisema tu kwamba anatumaini mtahini atakuwa mtu ambaye hakuwahi kumshusha kwenye basi kwa kupigana.

Gari limerudi kutoka gereji juzi, lina taa mpya za nyuma. Jana asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka tena hadi mlangoni. Baba alivaa koti, akalizunguka gari polepole, akigusa taa moja baada ya nyingine, nami nikimfuata hatua mbili nyuma iwapo atateleza, ingawa ni Julai na hakuna barafu. Akaingia. Akageuza swichi kwa mkono. Mimi nikabaki nyuma nimevaa buti za Mama, zile za mpira, ambazo bado ziko barazani. Kwa muda sikuona kitu ila ukungu. Kisha zikawaka, na nikagundua kwamba ananisubiri, na kwamba kutoka pale alipoketi hawezi kujua mpaka mtu amwambie.

Nilipaza sauti, “Zote mbili!”

Hakuondoka mara moja. Alikaa humo na taa zake zikiwaka, labda dakika nzima.

Nakurudishia fomu yako ndani ya bahasha hii. Mahali pa sahihi yangu nimebandika ule utepe. Gundi yake bado inashika. Tafadhali usome, utautambua mwandiko, kisha unipigie ukiwa tayari, hata kama ni kwa kunigombeza. Nitapokea.

Mpe Lorna pole ya kuishi na goti lako, na umwambie jamu ya beri niliyomwahidi itatumwa Agosti zikiiva. Baba anasema usijisumbue kuja kwa ajili ya mtihani wake, maana yake anatamani uje. Ubaki na afya, na uendeshe kwa uangalifu.

Dada yako akupendaye,

Bernadine